Kufundisha Mzunguko wa Kaboni kwa Mfano wa Mto Mara

Mwalimu afundishapo mzunguko wa kaboni huchora mti, ng'ombe na mishale ya hewa, kisha huishia hapo. Kaboni ya mabaki ya viumbe iliyoyeyuka majini huachwa, kwa kuwa haionekani. Hata hivyo, katika bahari zote yakadiriwa kufikia tani bilioni 660. Wanafunzi wa Tarime na Serengeti wako mbali na bahari. Basi na waanzie Mto Mara, upitao kati ya wilaya zao.

Madhumuni: Mwanafunzi aweze kueleza kwa nini maji yaliyochujwa yaweza bado kudhuru samaki.

Vifaa: Bilauri mbili, majani ya chai, kitambaa, maji yaliyochemshwa na kupozwa, pamanganeti ya potasiamu.

Hatua ya kwanza: Mwalimu achuje chai ya rangi iliyopoa. Majani yamebaki kitambaani. Mbona rangi imepita? Rangi hiyo ni vitu vilivyoyeyuka, navyo vina kaboni.

Hatua ya pili: Azimue chai hiyo sana, kisha atie matone sawasawa ya pamanganeti katika chai na katika maji matupu. Katika maji zambarau hubaki. Katika chai hugeuka kahawia, kwani pamanganeti imetumika kuunguza vilivyoyeyuka. Mtoni, bakteria hula kaboni hiyo, hutumia oksijeni ya maji na kutoa kabonidayoksaidi. Bakteria nao huliwa na vijidudu wakubwa zaidi, na hawa huliwa na samaki.

Hatua ya tatu: Watafiti wamekadiria kwamba viboko wapatao 4,000 wa upande wa Kenya huingiza mtoni, kwa kinyesi chao, kilo 3,500 hivi za kaboni kila siku. Nyumbu wafao maji humo ni wastani wa 6,250 kwa mwaka. Hicho ni chakula cha mto. Kikizidi, oksijeni hupungua na samaki hufa.

Machi 2022 maji ya Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ilitaja upungufu wa oksijeni uliotokana na kinyesi na mkojo wa mifugo. Wananchi wengi hawakuridhika. Mwalimu asitoe hukumu. Awaulize wanafunzi: tungepima nini, na wapi, ili tujue?

Tahadhari: Wanafunzi wasitumwe kuteka maji mtoni; mna mamba na viboko.

Kupima somo: Mwanafunzi akisema bado kwamba maji maangavu ni safi daima, mwalimu arudie bilauri ya chai.