Geto la Lushoto: tazama jua kabla ya bei

Wadogo zangu, wanaokwenda kusoma Lushoto wananiuliza swali lilelile: nitakaa wapi? Wengi wenu mnakwenda Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kile kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1998, na wengi mmekulia Tanga mjini au Dar es Salaam, kwenye feni na chandarua. Ulizieni hosteli ya chuo mapema. Mkikosa nafasi mtapanga mtaani, na hapo ndipo nataka tuongee.

Usilipie chumba cha Lushoto ukiwa Dar. Hata kama picha ni nzuri, hata kama dalali anakuita "mwanangu" kwenye simu. Mnazijua zile meseji za "mimi mwenye nyumba wako, ile kodi itume namba hii". Msimu wa kufungua vyuo ndio msimu wa matapeli hao, kwa sababu mgeni ana haraka. Fika siku kadhaa kabla ya usajili, lala gesti au kwa ndugu wa ndugu, kisha zunguka kwa miguu. Waulize wanaouza chakula karibu na chuo, waulize wenye vibanda vya fotokopi, waulize wanafunzi wa mwaka wa pili nani anahama. Mwanafunzi anayetoka atakwambia ukweli wa choo, wa maji na wa mwenye nyumba, mambo ambayo dalali hatayagusa. Ukimtumia dalali, mara nyingi atataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, kwa hiyo mwulize kabla hamjaanza kutembea.

Sasa chumba chenyewe. Mji umekaa bondeni, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, milima imeuzunguka. Nyumba mbili zinaweza kutazamana ng'ambo ya bonde, moja ikaota jua tangu asubuhi, nyingine ikangoja karibu na adhuhuri. Ile ya pili ndiyo utakayoambiwa ni ya bei poa. Kwa hiyo nenda asubuhi. Weka kiganja ukutani pale kitanda kitakapokaa, chini karibu na sakafu. Ukikuta unyevu, rangi imevimba na kubanduka, na kuna madoa meusi kwenye pembe za dari, ujue ikifika Juni na Julai nguo zako hazitakauka na godoro litanuka. Mwenye pumu asikae humo hata akipewa bure.

Kisha zunguka nyuma ya nyumba. Huku watu hujenga kwa kukata mlima, na nyuma ya chumba unaweza kukuta ukingo wa udongo mtupu. Tazama uko umbali gani na dirisha lako, kama kuna majani au miti inayoushika, na mfereji wa maji unaelekea wapi. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Udongo wa Usambara ukishiba maji huporomoka. Hata ile barabara ya kilomita 33 hivi kutoka Mombo kupitia Soni huangukiwa na mawe na tope mvua zikizidi. Chumba kilichobanwa na ukingo mbichi kiache, mdogo wangu, hata kama kina vigae.

Na hili nisikilizeni kuliko mengine yote. Baridi ya Lushoto itakushika usiku wa kwanza, na kuna mtu atakushauri uingize jiko la mkaa chumbani upate joto. Usifanye hivyo. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Haikukohoshi wala haikuamshi. Kichwa kinauma kidogo, mwili unalegea, unalala, na huamki tena. Kuacha mlango wazi kidogo si kinga, na makaa yaliyofifia bado yanatoa sumu. Pikia nje au barazani, liache jiko hukohuko. Pesa uliyotaka kununulia redio nunua blanketi zito la mtumba, soksi na sweta mbili.

Tukija kwenye hela, pigeni hesabu ya mwezi mzima. Tuseme chumba cha mbali ni 20,000 na cha karibu ni 35,000. Kama bodaboda ni 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, siku nane tu za mvua zimeshaimeza tofauti yote. Ulizeni pia LUKU: mita ni ya chumba chako au mnachangia? Mkichangia, mkubaliane mapema kuhusu mwenye jiko la umeme na mwenye koili ya maji, maana hapo ndipo ugomvi wa wapangaji unapoanzia. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Deni hilo ni la mwenye nyumba, si lako, kwa hiyo muulize kwa adabu atakurudishiaje.

Wenye nyumba wengi watataka miezi sita. Omba ulipe kwa muhula, na uliza kodi ya likizo ndefu itakuwaje kabla hujatoa shilingi. Mkataba uandikwe. Sheria ya Ardhi ya 1999 inautambua hata upangaji wa mdomo kama ni wa mwaka mmoja au pungufu, ila siku ya ugomvi utathibitisha kwa kitu gani? Karatasi moja yenye majina, kiasi, tarehe na sahihi za mashahidi inatosha. Ukihamia, nenda ukajitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji, na wazee wa njiani uwaamkie. Wasambaa ni watu wa salamu, na jirani anayekujua ndiye atakayekugongea ukikaa siku mbili bila kuonekana.

Mabinti, mwenye nyumba au dalali akianza "wewe kodi tutaelewana tu", ondoka hapohapo, hata kama ni usiku na mabegi yako yako mlangoni. Hukumkosea mtu. Mpigie mwenzako, nenda kalale kwake, na huyo mwanamume akikufuata kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Tafuteni nyumba mkiwa wawili. Ulizeni geti linafungwa saa ngapi, kama choo cha nje kina taa na komeo la ndani, na waliowatangulia wana funguo ngapi. Badilisha kitasa kwa gharama yako siku ya kwanza.

Siku hiyohiyo, kabla hujatandika kitanda, piga picha kuta, dari, dirisha na mita, umtumie mwenye nyumba usiku huohuo.