Rili gani kwa kambare wa Sabaki?

SWALI: Naishi Kakuyuni, na kwenye Mto Sabaki huvua kwa mshipi wa mkono. Sasa nataka rili nirushe mbali. Ninunue ipi, na mshipi gani?

JIBU: Ndugu yangu, chukua ile ambayo kigurudumu chake hakizunguki unaporusha: wafungua kiwaya, warusha, mshipi unajitoa wenyewe. Ile nyingine huzunguka, na lazima uizuie kwa dole gumba chubwi ikitua, la sivyo utashinda ukifungua mafundo. Saizi 3000 au 4000 yatosha. Rili kubwa za kuvulia nguru baharini zitakuchosha mkono bure.

Mshipi ndio wenye maneno. Mvua zikinyesha bara, Sabaki huteremsha udongo hadi maji yakawa mekundu, na kambare hutafuta chakula kwa harufu na sharubu zake. Basi muuzaji asikuuzie kwa bei ya juu mshipi “usioonekana na samaki”. Nailoni ya milimita 0.35, ya kilo 7 hivi, ni sawa. Ule wa kusuka ni mwembamba na huenda mbali zaidi, lakini mawe huukata upesi, tena ni ghali.

Jaza kigurudumu hadi zibaki milimita 2 kufikia ukingo. Ukipunguza, hautafika mbali. Breki ianze kuachia kwenye kilo 2. Fundo liloweshe mate kabla ya kulikaza, maana nailoni kavu huungua kwa msuguano.

Na usiingie majini. Mamba na viboko wangalipo.