Mwenyekiti wa Kijiji, Mizigo Mingine Si Yako

Maagizo haya ni ya mwenyekiti wa kijiji mkoani Singida, wa Manyoni au wa Mkalama, aliyechaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 na ambaye siku hizi halali. Mshahara hana. Wanakijiji wanamdai maji, wilaya inamdai taarifa, na nyumbani wanamdai chumvi. Mengi yanayomkondesha sheria haikumpa yeye peke yake, kajitwisha.

USIHUKUMU kesi ya ng'ombe na alizeti usiku, uani kwako. Unaijua: alizeti imechanua, mifugo imeingia shambani, simu inalia saa nane za usiku. Mkulima kashika panga, mfugaji kaja na ndugu zake, na wote wawili walikupigia kura. Ukitamka neno moja la hukumu, umepata adui wa miaka mitano. Waite kamati ya ulinzi na usalama pamoja na mgambo, watenganishe watu, basi. Asubuhi mtendaji amwite afisa kilimo afanye tathmini ya hasara. Kama chanzo ni mpaka au njia ya mifugo, lipo baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeliweka liwe na wajumbe saba, wanawake wasipungue watatu, kazi yao kusuluhisha. Kama kijijini kwako baraza hilo lipo kwenye makaratasi tu, usilalamike kwamba unazidiwa. Liundeni.

ITISHA vikao kwa wakati wake: halmashauri ya kijiji kila mwezi, mkutano mkuu kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe kwa sauti. Najua kwa nini unaukwepa. Kuna mzee atasimama aulize michango ya darasa imekwenda wapi. Aulize! Swali lisilojibiwa mkutanoni huhamia gulioni, na likirudi kwako limeshakuwa tuhuma ya wizi. Halmashauri yenu ina wajumbe kati ya 15 na 25. Hao wote wanafanya nini wewe ukijibu peke yako?

USIAHIDI kisichokuwa mikononi mwako. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilianguka, na wakulima wakalalamikia mafuta ya kula yanayoingizwa kutoka nje. Ushuru wa forodha haupangwi kwenye ofisi ya kijiji. Aliyewaambia watu "nitalishughulikia" alijitafutia msimu mzima wa kukwepa macho ya wenzake. Sema: hili liko juu ya uwezo wangu, nitaandika barua kwa mtendaji wa kata, nakala mtaiona ubaoni. Kisha uiandike kweli.

USIPOKEE simu zote za usiku. Gawaneni zamu na wenyeviti wa vitongoji.

USITAFUTE nafuu kilabuni. Utakunywa na wapiga kura, utasema ya halmashauri, na asubuhi utakuwa na kesi ya pili juu ya ile ya kwanza.

LIMA shamba lako. Mwenyekiti aliyeacha jembe kwa sababu ya kiti anaanza kuogopa kukipoteza, na hofu hiyo humla kuliko kazi yenyewe.

KUBALI kosa lililofanyika chini yako, hata kama mkono haukuwa wako. Katika miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya mahabusu walioteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga. Hakuwagusa yeye. Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na 1985 Rais wa Muungano. Mgambo wako akimpiga kijana wa watu, usimfichie. Kumlinda kutakugharimu usingizi mwingi kuliko kumwajibisha.

USIJITIBU kwa kunyamaza. Usingizi ukikosekana wiki kwa wiki, moyo ukienda mbio, ukaanza kuwafokea watoto bila sababu, nenda zahanati. Huku kwetu jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, limegeuzwa tusi, ndiyo maana wakubwa wanaficha hali zao mpaka waanguke ofisini. Huna sababu ya kuanzia Mirembe. Nenda siku ya kawaida, kaa kwenye foleni kama wengine, pima presha, mweleze mganga yote. Wakikuuliza unaumwa nini, waambie.