Redio koli mbili, boksi moja: vidokezo vya kutengeneza konsoli ya gari Kilosa na Mikumi

Gari la kazi la Kilosa na Mikumi hupita kila aina ya njia. Kuna lami ya barabara kuu inayokata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, kuna vumbi la njia ya kwenda kata ya Ulaya, na kuna tope jeusi la bonde la Mkata masika yakikolea. Pembeni ipo milima, Rubeho upande mmoja na Uluguru upande wa pili, na ukiwa mabondeni simu hukata katikati ya sentensi. Ndiyo maana magari ya doria, ya miradi na ya watalii bado hubeba redio koli, tena mengine hubeba mbili: VHF ya kuzungumza na wenzao wa karibu, HF ya kuifikia ofisi ya mbali. Watu wa Kilosa hawahitaji kukumbushwa umuhimu wa redio hizo. Mwishoni mwa 2009 kuingia 2010, mto Mkondoa ulivunja tuta, mji ukajaa maji na Reli ya Kati ikakatika.

Kinachoniuma ni namna redio hizi zinavyofungwa. Moja imening'inia chini ya dashibodi kwa waya wa kufungia nondo, nyingine iko miguuni mwa abiria, maiki zimesokotana kwenye mkono wa gia. Boksi moja zuri katikati ya viti linamaliza yote hayo, na fundi wa kuchomelea wa mtaani analiweza. Shika jambo moja tu tangu mwanzo: mkono wa dereva uipate maiki huku macho yakiwa barabarani.

1. Maliza habari ya leseni kwanza. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka masafa ya redio yatumike kwa kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na redio yenyewe iwe ya aina iliyoidhinishwa. Usikate bati kwa ajili ya redio ambayo huenda usiruhusiwe kuiwasha.

2. Tengeneza boksi la karatasi kabla ya boksi la chuma. Omba katoni dukani, kata, bandika kwa utepe wa gundi, liweke katikati ya viti. Sasa kaa kwenye usukani ufanye kila kitu ambacho dereva hufanya. Ingiza gia ya pili, ya nne, na rivasi, kwa sababu kwenye magari mengi hizo ndizo zinazorudi nyuma kuelekea boksi. Kwenye Land Cruiser mkonga usisahau ule mkono mdogo wa fowili, wala hendibreki. Sogeza kiti mbele mpaka mwisho, kisha nyuma mpaka mwisho. Mwite mwenzako mwenye miguu mirefu akae upande wa abiria. Kona ikigusa goti, ikate hapohapo kwa mkasi. Nusu siku unayoitumia kwenye katoni inaokoa bati, gesi na ugomvi na fundi.

Pima redio zako mwenyewe, kila moja. Tundu la redio ya muziki ni milimita 180 kwa 50, lakini redio koli zina vipimo vyake, na nyuma yake lazima ibaki nafasi ya plagi na waya wa antena kukunja bila kuvunjika. Kama HF yako ni ya kugawanyika, mwili wake mzito uweke nyuma ya kiti au chini yake, kisha kichwa cha kuendeshea peke yake ndicho kikae kwenye konsoli. Nafasi utakayopata itakushangaza.

3. Chuma, alumini au plaiwudi? Bati la chuma la milimita 2 hupatikana popote na kila fundi analichomelea. Alumini ya milimita 3 ni nyepesi na haishiki kutu, ila mafundi wanaoichomelea vizuri ni wachache, kwa hiyo ikunje na kuiunga kwa ribiti. Plaiwudi inafaa kwa gari la lami. Kwenye makorongo ya Ulaya skrubu zake hulegea upesi. Mimi nachagua chuma. Mikumi mjini kuna chuo cha VETA na karakana za kutosha kandokando ya barabara kuu, basi huna haja ya kupeleka kazi hii Morogoro.

Boksi lichomelewe nje ya gari. Kama ni lazima kuchomelea kitu ndani, ondoa nyaya za betri na uchomoe redio zote kwanza.

4. Uso wa boksi uinamie nyuma kidogo, nyuzi 30 hivi, ili namba za chaneli zionekane kwa jicho la haraka. Upake rangi nyeusi isiyong'aa. Jua la saa nane likigonga bati linalometameta, dereva haoni kitu. Kona zote zichongwe mviringo, na pasiwe na kitu mbele ya mfuko wa hewa. Gari likigonga nyati, magoti huenda mbele kwa nguvu.

5. Redio ikitangaza hupata joto, na joto hilo hutokea mgongoni mwake. Acha sentimita 4 au 5 nyuma, toboa matundu ubavuni yakitazama chini ili vumbi lisiingie moja kwa moja. Usizibe matundu hayo kwa sponji.

6. Umeme ndio unaoharibu kazi nyingi nzuri, kwa hiyo hapa usiharakishe. Usichukue umeme kwenye tundu la kuwashia sigara. Vuta waya kutoka betri yenyewe, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 20. Sababu ni rahisi: waya ukikwaruzwa na kugusa bodi kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna kitakachouzuia kuwaka. VHF ya wati 25 hula kama ampia 6 ikitangaza. Ya wati 50 hula kama 12. HF ya wati 100 inaweza kupita 20. Kwa VHF tumia waya wa milimita za mraba 6, kwa HF wa 10. Waya mwembamba huangusha volti, na redio inayopokea vizuri huanza kukwama ukibonyeza kutangaza.

Kila redio iwe na fyuzi yake. Waya ukipita ukuta wa injini, upitie kwenye raba, usiuache ulale kwenye ncha ya bati. Weka rilei inayofuata swichi ya gari, ili redio zisinyonye betri usiku kucha gari likiwa limelala kambini. Lori lenye volti 24 linahitaji kipunguza volti. Usijaribu kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili, maana zitachajika visivyo sawa na moja itakufa mapema.

7. Maiki mbili zinazofanana ni hatari ya kweli. Dereva anaomba msaada kwenye chaneli ambayo hakuna anayemsikiliza. Weka ndoano moja upande wa dereva, nyingine upande wa abiria, na uzungushie maiki ya HF utepe mwekundu. Waya za maiki zote mbili zisifike kwenye mkono wa gia.

8. Spika ya redio nyingi iko tumboni au juu, na ukiizika ndani ya boksi sauti hufa. Nunua spika ya nje, uielekeze masikioni. Dizeli ikinguruma na vioo vikiwa wazi utaona tofauti.

9. Antena ya VHF ya robo wimbi kwa masafa ya megahezi 150 ina urefu wa nusu mita hivi, na mahali pake bora ni katikati ya paa. Ya HF ifungwe kwenye bampa, mbali na mwenzake. VHF huenda karibu kwa mstari ulionyooka, ikikutana na mlima imekwisha. HF hurudishwa chini na tabaka za juu za anga, ndiyo maana huruka Uluguru. Waya wa antena usilale pamoja na waya wa umeme. Usibonyeze kutangaza kabla antena haijafungwa, utaunguza redio.

10. Kwa kufunga boksi, tumia bolti za viti zilizopo pamoja na bamba la milimita 3. Ukilazimika kutoboa sakafu, ingia chini ya gari kwanza utazame mabomba ya breki, ya mafuta na nyaya. Weka vipande vya tyubu ya tairi kati ya chuma na chuma, nati zenye pete ya nailoni ndani kila mahali, na baada ya safari ya kwanza ya njia mbaya kaza zote upya.

11. Mfuniko ufunguke kwa skrubu nne, redio itoke bila kung'oa boksi. Ndani ya mfuniko bandika mchoro wa nyaya, rangi zake na saizi ya kila fyuzi, pamoja na mfuko mdogo wa fyuzi za akiba.