Chimba Mpaka Kwenye Mwamba
Somo: Luka 6:46-49

Sisi wa Rusimbi hatuhitaji kufafanuliwa mafuriko. Mwaka 2021, na tena 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda, maji yakaingia katika nyumba za mwambaoni. Wakati wa kiangazi nyumba hizo zilionekana imara kama nyingine.

Katika mfano wa Yesu, wajenzi wote wawili walisikia neno. Tofauti yao ni kutenda. Luka anataja jambo ambalo Mathayo hakulitaja: yule wa kwanza alichimba chini sana. Kuchimba ni kazi ya jasho, wala wapita njia hawaisifu. Ndivyo ilivyo kumsamehe jirani, kurejesha mkopo wa kikundi kwa wakati, kuuza mawese bila kupunja kipimo, na kuomba faraghani.

Matunda hayaji siku moja. Hata mchikichi hukaa miaka kadhaa ukiotesha mizizi kabla ya kuzaa. Basi tusichoke.

Maswali ya kujadili:
1. Ni neno gani nimelisikia mara nyingi, lakini sijalitenda?
2. Wiki hii nitaanza kuchimba wapi?