Dondoo muhimu: Kabla ya kuagiza kontena kwa ubia

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaochangia kontena moja kutoka Guangzhou wazingatie haya:

- Hakiki usajili. Tafuta jina la kampuni ya mwenzako BRELA, na umwombe cheti cha TIN.
- Ulizia sokoni. Waliomkopesha mali na wakala wake wa forodha wanamjua kuliko ndugu zake.
- Anzeni na mzigo mdogo. Anayezungusha hesabu ya laki tano, ya milioni hamsini usimpe.
- Andikeni mkataba. Nani anatoa kiasi gani, hasara itagawanywaje, na anayejitoa atalipwa lini.
- Fedha ziwe wazi. Akaunti iwe na watia saini wawili, na kila risiti ionwe na wote siku hiyohiyo.