Upupu wa Milimani na Sindano Zake

Jina "upupu" hutumiwa kwa mimea miwili isiyo ya jamii moja. Wa kwanza ni Mucuna pruriens, mmea wa jamii ya kunde unaojizungusha juu ya miti na vichaka, na ambao maganda yake hufunikwa na manyoya yawashayo. Wa pili ni Urtica massaica wa jamii ya Urticaceae, unaomea katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki na mashariki ya Kongo. Wakikuyu huuita thabai. Jina moja limetokana na muwasho. Lakini muwasho hautoshi kuutambulisha mmea. Sharti viungo vyake vichunguzwe. Somo hili lahusu upupu wa pili.

Shina na majani

Upupu wa milimani huweza kufikia urefu wa meta 2. Hauna shina la mti, lakini huishi miaka mingi kwa sababu una rizomu, yaani shina litambaalo chini ya udongo. Mkulima afyekaye sehemu ya juu tu huukuta umechipua tena. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana. Kitako cha jani kina umbo la moyo, na kingo zake zina meno makubwa.

Maua na matunda

Maua ni madogo, ya kijani, wala hayana petali za kuvutia wadudu. Ua dume lina stameni 4 zilizokunjwa ndani ya tumba. Ua linapokomaa, stameni hufyatuka ghafula na kurusha chavua, nayo huchukuliwa na upepo. Ua jike lina ovari yenye ovuli moja, na stigma iliyo mfano wa brashi. Tunda ni dogo na kavu, lenye mbegu moja.

Vinyweleo vichomavyo

Kila kinyweleo kichomacho ni seli moja ndefu, ambayo kitako chake kilichovimba kimeshikwa na seli nyingine. Ncha yake imeimarishwa kwa silika, hivyo ni ngumu lakini huvunjika upesi kama kioo. Ikiguswa, hukatika kimshazari na kubaki kama sindano ya daktari. Sindano hiyo huingia katika ngozi, na umajimaji uliomo husukumwa ndani. Robert Hooke aliieleza kazi hii katika kitabu chake cha mwaka 1665, baada ya kuitazama kwa hadubini.

Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba uchungu huo waletwa na asidi fomiki peke yake. Maelezo hayo hayatoshi. Mwaka 1947 Emmelin na Feldberg walionyesha kuwa vinyweleo vya upupu wa Ulaya vina histamini na asetilikolini; baadaye serotonini nayo ilipatikana. Kwa hiyo kuueleza uchungu huo kuwa ni wa asidi tu ni kumpa mwanafunzi nusu ya jibu.

Manyoya ya Mucuna hutenda kazi kwa njia nyingine: hung'oka kwenye ganda, hujichoma katika ngozi, na muwasho huletwa hasa na kimeng'enya kivunjacho protini. Jina ni moja, bali jamii, umbo na kemia ni mbalimbali.

Upupu wa milimani si adui tu. Majani machanga yakipikwa, vinyweleo hulegea na kupoteza makali yake. Ndiyo maana thabai huliwa kama mboga.

Kazi ya darasani

Mwalimu akate tawi akiwa amevaa glavu nene, kisha wanafunzi walitazame kwa lenzi bila kuligusa.
1. Chora jani, ukionyesha kingo zake na mahali vilipo vinyweleo.
2. Eleza kwa nini ua lisilo na petali laweza kuchavushwa.
3. Taja tofauti tatu kati ya mimea miwili iitwayo upupu.
4. Kwa nini kufyeka peke yake hakuumalizi mmea huu?